Mama Hakuzaliwa Kigoma

Kwa miaka mingi nilimficha mume wangu mahali alikotoka mama yangu. Siku tuliyomzika kule Mollo, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, ikabidi nichague: nisome ukweli mbele ya wakwe, au niuzike pamoja naye.

Ukifanya kazi Dar es Salaam na ukasema kwenu ni Sumbawanga, jiandae kwa utani. "Dada, usije ukaturoga!" Nimeusikia ofisini, kwenye daladala, hata saluni nikiwa nimekaa chini ya drai. Wenyeji watakwambia jina lenyewe la mji lina maana ya kutupa uchawi, lakini nani anasikiliza? Mimi nilikuwa nacheka nao tu, kwa kweli hauniumi. Kilichokuwa kinaniuma ni swali la pili, lile linalokuja watu wakishakuzoea.

"Baba Mfipa, sawa. Na mama je?"

"Muha wa Kigoma."

Jibu fupi, safi, halizai maswali. Nimelitoa chuoni, nimelitoa kazini, na nikampa hata kijana niliyetarajia kuishi naye hadi uzee. Lilikuwa jibu rahisi kulilinda, maana Kiha na Kirundi vinakaribiana sana. Mama akiongea na mdogo wake kwenye simu, mtu wa mbali hawezi kutofautisha.

Lakini mama yangu hakuwa Muha. Alizaliwa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliingia nchi hii mwaka 1972 akiwa na miaka 17, akiwakimbia watu waliokuwa wanaua.

Mtoto mgongoni

Tuliosoma shule za hapa hatukufundishwa sana habari ya mwaka ule. Mwishoni mwa Aprili 1972 uliibuka uasi kusini mwa Burundi, hukohuko kandokando ya ziwa, na waasi wakawaua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima: walimu, makarani, wafanyabiashara, hata wanafunzi waliotolewa madarasani. Makadirio mengi yanataja watu kati ya 100,000 na 300,000 waliouawa ndani ya miezi michache. Warundi wenyewe wanauita wakati ule Ikiza, yaani janga. Waliowahi kukimbia, wengi walikuja Tanzania.

Mama hakupenda kusimulia. Nilichonacho nilikiokota vipande vipande, leo hiki, mwakani kile. Kaka zake wawili hawakurudi nyumbani. Mtumbwi ulikuwa umejaa. Mgongoni alikuwa amembeba mdogo wake wa miaka mitatu, ambaye sisi tunamwita Mjomba. Alipofika upande wa Kigoma alikuwa anaharisha hadi kusimama hawezi, na mwanamke mmoja wa Kiha, asiyemjua hata kwa jina, akamwingiza ndani, akamwosha, akamfunika khanga yake.

"Hakuniuliza kabila," mama alikuwa anasema. "Aliniuliza kama maji ni ya moto mno."

Hapo ndipo kisa kilipokuwa kinaishia kila mara. Nilidhani anakatisha kwa sababu ya uchungu. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba kwake yeye hapo ndipo palipokuwa penyewe.

Yeye na Mjomba walipelekwa Katumba, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1973 katika pori la miombo wilayani Mpanda, eneo ambalo leo liko Mkoa wa Katavi. Baadaye makazi mengine yakafunguliwa Mishamo. Watu walipewa majembe na ardhi, wakang'oa visiki, wakapigana na mbung'o, na baada ya miaka michache wakawa wanauza mahindi na maharage kwa wenyeji. Ila kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Wakati huo mama alikuwa tayari ameshaondoka Katumba. Fundi mwashi mmoja wa Kifipa, mpole, mwenye maneno machache, alikuja kule kujenga, akaona binti anayebeba ndoo mbili za maji bila kumwaga hata tone. Huyo ndiye baba yangu.

Ndoo ya bluu

Mollo kuna baridi, jamani. Uwanda wa Ufipa uko juu, na ukiamka Juni au Julai upepo unakukata masikio. Mama alitoka kwenye joto la ziwani akaja kuanza maisha kwenye baridi hiyo, kwa mama mkwe aliyemtazama miezi sita bila kumwamini. Akajifunza Kifipa. Akajifunza kulima ntumba, yale matuta ya duara ya Kifipa ambayo majani hufukiwa chini mvua zikielekea kuisha, yaoze yawe mbolea ya msimu unaofuata. Akajifunza kupika ugali wa ulezi mpaka mkwewe akawa hali kwa mwingine. Ila samaki hakubadili. Migebuka ikiletwa kutoka ziwani, yeye aliita mukeke, kama kwao, na siku hiyo alikuwa anaimba jikoni.

Kanisani alijiunga na WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ambao ulianzishwa mwaka 1972. "Mimi na WAWATA tumeingia nchi hii mwaka mmoja," alikuwa anatania, na wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kwenye jumuiya alisali Kiswahili kama wote. Akiwa peke yake, alfajiri, rozari mkononi, alisali kwa lugha yake. Nilikuwa nasikia neno moja tu ninalolijua, Imana, Mungu, likirudi na kurudi kama mtu anayemwita jirani.

Lakini watu wa Mollo hawamkumbuki kwa sala. Wanamkumbuka kwa ndoo. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya bluu, na ndani yake kulikuwa na sabuni ya kipande, vitambaa vya khanga kuukuu na chupa ya uji wa ulezi. Ukiona mama anapita na ile ndoo kabla jua halijatoka, unajua kuna mgonjwa mahali.

Miaka ya tisini mwishoni wagonjwa walikuwa wengi, na ugonjwa wenyewe hautajwi. Vijana waliokwenda mijini na migodini wakiwa na nguvu walirudishwa wakiwa mifupa. Mwaka 1999 nikiwa kidato cha kwanza, likizo, alirudishwa mmoja wa majirani zetu. Ndugu zake walimweka chumba cha nyuma, chakula wanakisukuma kwa mlango. Mama akachukua ndoo.

Mpenzi msomaji, sitasahau nilichomwambia siku hiyo, na ningeweza kukirudisha ningekirudisha. Nilisimama mlangoni nikasema, "Mama, wewe utatuletea ugonjwa humu ndani. Kwani yule ni ndugu yako?"

Hakunigombeza. Alifunga khanga yake vizuri, akasema, "Na mimi sikuwa ndugu wa mtu Kigoma." Akaondoka.

Yule kijana alifariki baada ya wiki tano. Mama ndiye aliyemfumba macho. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na miaka 25, elewa kwamba wakati ule hapakuwa na dawa kwa mtu wa kawaida. Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure Oktoba 2004, na kuzifikisha kwa watu wa vijijini ikachukua muda zaidi. Zilipofika, kazi ya mama ikabadilika. Badala ya kuosha waliokuwa wanaondoka, akawa anawasindikiza waliokuwa na nafasi ya kubaki. Mjini, kliniki, foleni, kurudi. Mwanamke mmoja alimsindikiza mwaka 2006 akiwa hawezi hata kushika kikombe. Mtamkuta mbele kidogo katika habari hii.

Safari hizo za mjini zilikuwa na kituo kimoja alichokipenda, Hospitali ya Dk. Atiman. Akifika pale alikuwa anaonyesha kibao kwa kidole. "Huyo naye hakuzaliwa hapa." Na ni kweli. Adrien Atiman alizaliwa huko Mali, karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, ndio wale Mapadri Weupe, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 akafika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, akaoa hukuhuko, akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyeuzwa kama mzigo, leo wagonjwa wa Ufipa wanatibiwa chini ya jina lake. Mama alilipenda jambo hilo kuliko mahubiri yoyote.

Siku ya posa

Sasa turudi kwangu, maana mimi ndiye mwenye kosa.

Mwaka 2010 mchumba wangu, ambaye kwao ni Moshi, alileta wazee wake Mollo. Safari ya siku mbili, barabara bado ya vumbi, wazee wamefika wamekuwa wekundu kama matofali. Mama alikuwa amechemsha maji ya kuoga kwa kila mmoja. Baada ya chakula mshenga akauliza kwa heshima zote, "Mama, na wewe kwenu hasa ni wapi?"

Mama alifungua mdomo. Nikamwahi.

"Kigoma," nikasema. "Mama ni mtu wa Kigoma."

Aliniangalia. Sekunde mbili hivi, si zaidi. Kisha akachukua birika akamwongezea mshenga chai.

Kwa nini nilifanya vile? Niseme ukweli. Nilikulia nikisikia neno "mkimbizi" likitumika kama tusi. Kisimani, foleni ya maji ikizua ugomvi, neno la mwisho lilikuwa hilo: "Rudi kwenu, mkimbizi!" Nilimwona baba, tayari akiwa anaumwa, akihangaika na ofisi moja baada ya nyingine ili mama aombe uraia, kwa sababu sheria ya mwaka 1995 inampa mke wa Mtanzania haki ya kuomba wakati mume yu hai. Alikuwa anakimbizana na kifo. Cheti kilipatikana, baba akafuata miezi mitatu baadaye. Mimi nikajifunza somo baya kutokana na hayo yote: kwamba asili ya mama ni kitu cha kufichwa mpaka karatasi zikamilike. Na hata zilipokamilika, sikuacha.

Usiku ule tukiosha vyombo, mama akasema maneno ambayo nayabeba mpaka leo.

"Kigoma walinipokea, mwanangu. Siwezi kuwakana. Lakini hawakunizaa."

Nikamwahidi kwamba nitamwambia mchumba wangu kabla ya harusi. Harusi ikapita. Nikaahidi tena, baada ya mtoto. Wanandoa wenzangu mnajua jinsi uongo mdogo unavyofanya. Mwaka wa kwanza unaona aibu kuusema. Mwaka wa pili unaona aibu kwamba hukuusema mwaka wa kwanza.

Chai ya saa tisa usiku

Mwaka 2013 nilijifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama akaja Dar kunilea uzazi. Siku arobaini. Alinikanda maji ya moto, alinipikia uji, alimwogesha mtoto. Usiku mtoto akilia, aliyeamka ni yeye. Na mara nyingi mume wangu naye aliamka, wakakaa jikoni wawili wakinywa chai saa tisa usiku, mimi nimelala fofofo. Nilikuwa nafurahi kwamba wanaelewana. Sikujua wanachoongea.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2014, serikali ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa wale wakimbizi wa 1972. Zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia, na Mjomba akiwa mmojawapo. Mtoto aliyevushwa ziwa mgongoni, sasa ana mvi, akampigia mama simu kutoka Katumba. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Habari ilikuwa redioni na magazetini. Mume wangu akaisoma kwa sauti sebuleni, kisha akanitazama kama anayesubiri kitu. Nikabadilisha mada.

Karatasi ya wasifu

Mama alifariki Juni 2019. Presha. Alikuwa ametoka kumwona mgonjwa, akaweka ndoo chini, akasema anapumzika kidogo.

Tulipofika Mollo na msafara wa wakwe kutoka Moshi, uwanja ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Sijawahi kuona msiba wa namna ile kwa mtu asiye na cheo. Na katikati ya akina mama waliokuwa wakichota maji ya wageni, alikuwepo yule wa mwaka 2006, mnene, mwenye afya, amejifunga kitenge cha WAWATA, ndoo kichwani.

Asubuhi ya mazishi kaka yangu alinipa karatasi. Wasifu wa marehemu. Nilikuwa nimepangiwa kuusoma mimi, msomi wa familia. Mstari wa kwanza: "Marehemu alizaliwa mwaka 1955, Rumonge, nchini Burundi."

Nikamvuta pembeni. "Kaka, tuandike Kigoma. Wakwe zangu hawajui."

Akanitazama kwa muda. "Umekuwa mkubwa, sikupangii. Lakini kalamu sikupi."

Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye matuta yake ya maharage, nikalia. Mume wangu akanifuata. Nikaona sasa hakuna pa kukimbilia. Nikampa ile karatasi asome. Nikasema, "Nimekudanganya tangu siku ya kwanza."

Hakusoma. Aliikunja akanirudishia. "Mama aliniambia mwaka 2013," akasema. "Jikoni kwetu. Alisema hawezi kumpakata mjukuu nyumbani kwa mtu ambaye hajui anampakata nani. Akaniomba nisikuulize. Akasema ni habari yako, utaileta mwenyewe ukiwa tayari."

Miaka sita. Nilitaka kumkasirikia, sikupata pa kuanzia. Nikamuuliza kwa nini hakusema hata siku ile ya vyeti. Akanijibu kwa upole, lakini niliisikia: "Niliumia, mke wangu. Si kwa sababu ya Burundi. Kwa sababu uliniona mimi ni mtu wa kuogopwa."

Nikausoma wasifu kama ulivyoandikwa. Sauti ilinikatika kwenye neno Rumonge, nikarudia mara ya pili kwa nguvu zaidi. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Kumbe kwa watu wa Mollo haikuwa habari hata kidogo. Walijua siku zote. Hata wale waliomtukana kisimani miaka ile walikuwa pale, na wawili kati yao walibeba jeneza.

Nisikudanganye tena kwa kusema kila kitu kiliisha vizuri siku hiyohiyo. Mama mkwe wangu aliumia, akarudi Moshi bila maneno mengi, na ilichukua karibu mwezi mzima kabla hajapiga simu. Alipopiga alisema, "Nilikaa na mama yako chumba kimoja siku tatu wakati wa harusi. Tungekuwa na mengi ya kuongea. Umetunyima." Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Mama yake mwenyewe aliwahi kufukuzwa kwao akiwa binti. Wangeelewana sana wale wawili.

Ndoo ya bluu sasa iko kwa yule mama wa 2006. Hatukumpa sisi, aliichukua mwenyewe siku ya kumaliza msiba, akasema kuna mzee amepooza kule ng'ambo ya mto. Akaenda.

Kabla hujasomewa wasifu

Wengi wetu tunawajua wazazi wetu kuanzia siku tulipozaliwa sisi. Na wakwe zetu ndiyo kabisa, tunawajua kwa zawadi na simu za sikukuu. Kama mama yako au mama wa mwenzi wako bado yupo, mtafutie siku moja mkae, simu zimewekwa pembeni, na umuulize haya:

• Ulizaliwa wapi hasa, na nani alikuwepo? Taja kijiji, si mkoa tu.

• Kuna safari gani uliyowahi kufunga bila kupenda?

• Nani alikusaidia wakati huna wa kukusaidia? Huyo mtu umewahi kutuambia habari zake?

• Huwa unasali au unaota kwa lugha gani? Nifundishe hata sentensi moja. Mimi nimebaki na neno moja tu.

• Kuna jambo ungependa mwenzangu alijue kutoka kwako mwenyewe, si kutoka kwangu?

Na kwa mlio kwenye uchumba: mkiulizana habari za kwenu, msijibu haraka kama mimi. Mwenzio akisitasita, usimbane. Mwongezee chai, subiri. Ila wewe unayesubiriwa, usimsubirishe mtu miaka sita.

Binti yetu sasa anasoma. Juzi mwalimu aliwapa kazi ya kuandika habari za ukoo. Akaja kuniuliza, "Mama, bibi alikuwa mtu wa wapi?"

Nikamwambia aketi, ni habari ndefu kidogo. Inaanzia Rumonge.